Imepokelewa

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: mimi si mpole.

Wote wanasema ni mpole. Walimu wameandika hivyo kwenye ripoti kila muhula, kwa lugha zote mbili. Wageni wakija humpongeza Mama, "Hongera, una binti mtulivu," naye hutabasamu kana kwamba amenifuma mwenyewe kwa mkono. Hata jina la nyumbani wamenipa Kimya. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini nimenyamaza. Nanyamaza kwa sababu nikikasirika koo linafunga, kama mtu amelizungushia uzi akaukaza, na mimi nakasirika karibu kila siku. Hicho wanachokiita adabu ni hasira iliyokosa pa kutokea.

Basi itokee hapa. Daftari litakaa chini ya godoro, upande wa ukutani.

Leo mvua imeanza. Nyumba nzima imefurahi isipokuwa mimi na viatu vyangu.

Jumatano, 5 Machi

Niandike jinsi kazi ya hapa inavyokwenda, ili siku nikisoma haya nimezeeka nisisahau nilikuwa namkasirikia nani.

Mama anafuma sweta za shule. Sebule yetu si sebule tena, ina mashine nne za kufuma na rafu za koni za uzi hadi darini. Chakula tunakula kwenye korido, na mara nyingi kinakuja na nyuzi. Mvua ikinyesha watoto huona baridi, wazazi hukimbilia sweta, kwa hiyo Mama hupenda mawingu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mnunuzi wetu ni mmoja tu, kampuni yenye maduka makubwa kila mahali. Zamani ofisa wao alikuwa akipiga simu: "Mama Sweta, nataka nyekundu, nataka na za buluu, lini?" Mama anajibu, wanacheka, mambo yanaisha. Kisha kampuni ikatangaza kwamba haisikilizi simu tena. Anayetaka kuwauzia, lazima mashine yake izungumze na mashine yao.

Ndipo Mama akamwita mdogo wake, Mjomba, aliyesomea kompyuta na aliyekuwa amekaa nyumbani kwake akisubiri kazi inayolingana na cheti chake. Mjomba akaleta programu inayokaa katikati. Inachukua maneno yetu na kuyageuza namba zinazoeleweka huko ghalani kwao, kisha majibu yao inayarudisha kwetu. Tunaiita Mkalimani. Wafumaji nao wakamwita Mjomba Injinia, na sasa haitiki ukimwita vingine.

Gari likiwa limepakiwa, Mkalimani anatuma taarifa: tunaleta sweta hizi, rangi hii, katoni hizi. Baadaye skrini inawaka kijani: IMEPOKELEWA. Mama Kiingereza kinampiga chenga, kwa hiyo mwaka jana Mjomba alinipa maneno ya skrini niyaweke kwa Kiswahili. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kusifiwa katika nyumba hii. Mama akiona IMEPOKELEWA huvua miwani na kupumua, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Jumamosi, 8 Machi

Nyekundu zimekwenda. Kijani. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Za buluu zimerudi.

Kaka ndiye dereva wetu. Ni mkubwa wangu kwa miaka mingi kiasi kwamba alinifundisha kufunga kamba za viatu, na ni mtu pekee anayenisubiri nimalize sentensi. Alitoka asubuhi na katoni za buluu, akarudi jioni nazo zote. Mama alikuwa mlangoni.

"Vipi, geti limefungwa?"

"Geti liko wazi. Mlinzi kasema mzigo wetu haumo kwenye mfumo wao."

"Haumo vipi? Injinia!"

Mjomba akaja na kikombe chake cha chai, akageuza skrini ili wote tuone. Kijani. IMEPOKELEWA.

"Dada, sisi huku tumemaliza," akasema. "Wamepokea. Mtu wa kuulizwa ni mwenye usukani."

Kaka akacheka. Alidhani ni utani.

Ijumaa, 14 Machi

Mama alipiga simu ghalani. Alikaa akisikiliza muziki hadi chai ikapoa. Mwishowe dada mmoja akamwambia, "Mama, majibu yote yako kwenye mfumo wako, angalia hapo." Mama akaangalia hapo. Kijani. Akashukuru, akakata simu. Kwa nini watu wazima hushukuru wanapofukuzwa?

Jumanne, 18 Machi

Nyekundu zimepita bila shida. Mtihani wa jiografia pia umepita, nao bila shida, ila hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 20 Machi

Za buluu zimerudi tena.

Safari hii Kaka hakucheka. Alisema maneno yale yale: hazimo kwenye mfumo. Alisema alibishana na mlinzi mpaka madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi. Mama alisimama katikati ya mashine mbili, mkono kiunoni.

"Nyekundu zinafika. Za buluu hazifiki. Barabara ni ile ile, gari ni lile lile, dereva ni yule yule. Nieleze, mwanangu, maana mimi sijasoma sana."

"Mama, ningejua ningekueleza."

Mjomba alikuwa amekaa juu ya marobota ya uzi, anatikisa mguu. "Za buluu ni Alhamisi," akasema polepole, kama mtu anayewaza kwa sauti. "Alhamisi mchumba wa dereva wetu hayuko kazini, yuko kwake. Nasema tu."

"Mjomba!" Kaka akamaka.

"Nasema tu, baba. Mtu akipitia huko, akafika ghalani mlango umefungwa, naye atasema mzigo haumo kwenye mfumo. Ni neno zuri, mfumo. Halina wa kulijibu."

Mama Pacha, anayefuma kola na asiyemwogopa yeyote, akamjibu bila kuinua macho: "Injinia, hiyo kompyuta yako ingejua kufuma kola ningeiamini zaidi." Wafumaji wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Kaka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kama mtu anayekagua sweta akitafuta palipochanika.

Mimi nilikuwa pale, na trei ya vikombe mkononi. Nilitaka kusema kwamba Kaka hasemi uongo, hata kwenye karata hawezi, masikio yake hubadilika rangi. Uzi kooni ukakaza. Nikakusanya vikombe.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimemchukia Mjomba siku nzima, hata alipokuwa amelala.

Alhamisi, 27 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kaka aliondoka mapema kuliko siku zote ili pasiwe na maneno. Alimwambia Mama, "Nipigie simu saa yoyote, utanikuta getini." Mama hakupiga. Nadhani alijua angemkuta, na hakutaka kujua.

Mvua ikaja ya kichaa. Maji yalipita mtaani yakibeba viatu vya watu. Wafumaji walibaki wamejibanza ndani, mashine zimezimwa, na jioni ndipo gari likaonekana, linatembea kama mgonjwa. Turubai lilikuwa limechanika upande mmoja. Katoni zilikuwa zimelowa hadi zinakunjika, na uzi wa buluu ulikuwa umechuja. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka nyuma ya gari yalikuwa ya buluu, yakapaka ngazi zote za mlangoni.

Kaka alishuka, shati limemgandia mwilini. "Wamenikataza kuingia hata kujikinga," akasema. "Nimesimama nje ya geti mvua yote. Hazimo kwenye mfumo, Mama. Nimeapa, nimelia, hazimo."

Mama alikwenda kwenye kompyuta akiwa bado na sindano ya kushonea mdomoni. Sote tukamfuata. Skrini iliandika kijani, tulivu, bila aibu: IMEPOKELEWA.

Aliitoa sindano mdomoni.

"Soma," akamwambia Kaka.

"Mama…"

"Soma kwa sauti, wafumaji wangu wasikie. Hawa ndio watakaokosa kazi kampuni ikituacha. Wasomee."

Kaka akasoma. "Imepokelewa."

"Sasa mashine inadanganya? Haina mchumba, haina marafiki wa kupiga nao soga njiani. Inadanganya kwa faida gani?"

"Basi labda mimi ndiye mwongo."

"Umelisema mwenyewe."

Mjomba alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Nilimwona akifungua mdomo. Nilidhani atasema, Dada, taratibu. Akasema, "Hata turubai hakulifunga."

Mama akanyoosha kiganja. Kaka alikitazama kile kiganja muda mrefu, kisha akaweka funguo za gari juu yake, taratibu, kama anaweka kitu kinachovunjika. Alipita korido, akachukua begi, akanipita. Aliponifikia alisimama. Alikuwa ananisubiri kama anavyonisubiri siku zote. Kila mtu alikuwa kimya, lakini mimi ndiye mwenye jina hilo.

Sikusema kitu.

Akanigusa kichwani kwa mkono uliolowa, akatoka mvuani.

Namchukia Mjomba. Namchukia Mama na sindano yake. Ila anayenichefua kuliko wote ni huyu binti mtulivu, hongera, aliyesimama pale na adabu zake.

Ijumaa, 28 Machi

Ngazi bado zina rangi. Mama amezisugua kwa brashi mpaka vidole vimechubuka. Hazitoki.

Jumatano, 2 Aprili

Shule zimefungwa. Kaka analala kwa rafiki yake kwenye banda la kuziba matairi. Kampuni imetuma ujumbe kwamba za buluu zikikosekana tena, oda zote atapewa mwingine. Mama ameacha kuimba akifuma, na Mama Pacha ameacha utani. Mashine tu ndizo zinazoongea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeipata. Nimeipata sababu ya za buluu kurudi.

Mjomba alikuwa ametoka kutafuta dereva wa kukodi, akaniachia kompyuta nisimamie oda zinazoingia. Radi ikapiga, umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikajiwasha upya. Nayo ikaanza kulia, mlio mwembamba kama wa king'ora cha mtoto, mfululizo. Sijawahi kusikia ikilia. Chini ya skrini kukafunguka dirisha jingine, jekundu kutoka juu hadi chini.

Kumbe huwa inalia. Mjomba ndiye aliyezima sauti na kulificha lile dirisha, tangu siku za majaribio mwaka jana, kwa sababu ilikuwa inampigia kelele. Umeme ulipokatika, mipangilio yake ikafutika.

Nikasoma. Kila taarifa ya sweta za buluu ilikuwa na jibu la pili. La kwanza ni lile la kijani. La pili linakuja baadaye kidogo, na lilikuwa jekundu: limekataliwa, namba ya rangi haijulikani. Kampuni ilibadilisha namba ya rangi ya buluu mwanzoni mwa Machi. Walituma hata tangazo, nalo lipo humo humo kwenye wekundu. Mkalimani wetu aliendelea kuwatajia namba ya zamani, mashine yao ikawa haijui tunaleta nini, na ghala halimfungulii mtu anayeleta lisichokijua. Nyekundu haikubadilishwa namba. Ndiyo maana zilipita.

Kaka alisimama kwenye ile mvua kwa sababu ya namba moja.

Kisha nikaona kitu kibaya zaidi. Kompyuta ilivyojiwasha, ilirudi kwenye maneno yake ya asili ya Kiingereza. Nikalitazama lile neno la kijani lenyewe, nililopewa mwaka jana nilitafsiri. Ni neno dogo sana. Maana yake ni kwamba bahasha yako imetufikia, basi. Halisemi tumeifungua, wala halisemi tumekubali kilichomo. Na mimi, niliyepata alama za juu kabisa katika lugha zote mbili, nililiandika IMEPOKELEWA. Katika Kiswahili chetu mtu akikupokea mzigo, mzigo umetoka kichwani pako. Anayepokewa amekaribishwa na kupewa kiti. Mama hakuwa mjinga alipovua miwani na kupumua. Alisoma nilichoandika.

Maneno mekundu Mjomba hakunipa kuyatafsiri. Alinipa ya kijani tu.

Nilikwenda kwa Mama mbio kabla uzi haujakaza. Alikuwa kwenye mashine, inapiga kelele za kupasua kichwa.

"Mama, zile za buluu zilikataliwa. Siyo Kaka. Ni namba ya rangi."

"Haya, mwanangu."

"Mama, kompyuta ilikuwa inasema, sauti ilizimwa—"

"Nimekusikia. Mwambie mjomba wako, mambo ya namba ni yake." Na mkono wake ukaendelea, kulia, kushoto, kulia.

Nimekusikia. Bahasha imefika.

Nikamwambia Mjomba aliporudi. Alikaa mbele ya lile dirisha jekundu bila kuvua koti. Nilimwona shingo ikiingia mabegani. Akabadilisha namba, akarudisha maneno ya Kiswahili, akalificha lile dirisha na kuzima sauti.

Jumanne, 8 Aprili

Dereva wa kukodi amepeleka za buluu. Zimeingia ghalani moja kwa moja. Amerudi na gari tupu, anapiga mluzi.

Mama alikaa kwenye ngazi zenye rangi akalia kwa furaha. Halafu akasema, nami nilimsikia kwa masikio yangu haya: "Kumbe kweli tatizo lilikuwa mtoto wangu."

Na Mjomba, mwenye namba mpya bado mbichi vidoleni, akamshika bega: "Usijali, Dada. Muhimu tumejua."

Ningekuwa na koni ya uzi mkononi ningempiga nayo.

Jumatano, 9 Aprili

Nilimfuata Mjomba uani, alikokuwa anakinga maji ya mvua. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kiganja ili zisinipotee.

"Mwambie Mama ukweli. Leo."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Kumbe unaongea."

"Mwambie."

Akaweka ndoo chini, akasogea karibu. "Mpwa wangu, tuzungumze kama watu wazima. Mimi nilizima sauti, sawa. Neno lile la kijani aliliandika nani? Mimi? Mama yako hakusikia sauti yoyote kwa hiyo hawezi kuikosa. Ila lile neno alilisoma kila siku. Alimfukuza mwanawe kwa lile neno. Alimlazimisha alisome mbele za watu." Akapunguza sauti zaidi. "Mimi akinifukuza, mimi ni mdogo wake tu, nitarudi nilikotoka. Wewe je? Unataka akutazame vile anavyomtazama kaka yako?"

Wakati anasema hayo mkono wake ulikuwa unashikashika kifungo cha koti, hauachi. Anaogopa. Nikakumbuka alivyokuja hapa mara ya kwanza na cheti ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe, akimwonyesha Mama kama mtoto anayeonyesha mchoro. Nilimwonea huruma kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikaendelea kumchukia, maana na yeye alimwona Kaka akiondoka.

Sentensi za kiganjani zilifutwa na mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama, leo mezani: "Bila mjomba wako tungekuwa wapi?" Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda bandani kwa Kaka. Alikuwa amechuchumaa, ameuzamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji, anatafuta povu. Amekonda. Nilimsaidia kuushikilia mpira ndani ya maji, na kwa kuwa hakuwa ananitazama niliweza kumwambia yote: namba, dirisha, sauti, neno. Hata neno.

Povu likatoka karibu na kidole changu. "Hapa," akasema, akapachora kwa chaki. Halafu akacheka mpaka mwenye banda akaja kuuliza kuna nini.

"Imepokelewa!" akasema, anafuta macho. "Na mimi nikaisoma kwa sauti nzuri kabisa, kama mtangazaji wa habari."

"Usicheke. Umekasirika au hukukasirika?"

"Nimekasirika, mdogo wangu. Siyo kwako. Wewe ulikosea neno. Mama alikuwa na mtu mzima mbele yake, analia, akaenda kuuliza skrini."

"Basi twende ukamwambie."

Akatikisa kichwa. "Nimemwambia mara tatu, mvua ikininyeshea. Mimi nikisema tena ni yale yale ya mfumo, mfumo. Injinia hatasema, mkate wake uko pale. Umebaki wewe." Akanirushia maji ya beseni usoni. "Siku utakayosema, nitumie habari. Nataka kuisikia hiyo sauti, nijue kama ni nene au nyembamba."

Nilirudi kwa miguu mvuani bila mwavuli. Nilitaka kulowa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwona Mama kwenye chumba cha Kaka, amekaa kitandani, ameshika sweta la kwanza kabisa alilomfumia, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliponiona akalikunja haraka. "Natafuta nafasi ya kuweka uzi," akasema.

Kwa hiyo na yeye ana uchungu usio na pa kutokea.

Alhamisi, 17 Aprili

Mjomba ametoa wazo. Yule dereva wa kukodi aajiriwe moja kwa moja kuanzia kesho, na chumba cha Kaka kiwe stoo ya uzi wa buluu, maana oda zimeongezeka. Mama akasema, "Haya."

Haya ya Mama naijua. Ni ya kijani. Maana yake amesikia. Lakini kesho dereva atapewa funguo, kitanda kitatolewa, na "haya" itakuwa imekuwa "ndiyo" bila mtu kuisema.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika mchana, mlango haujafungwa kwa ufunguo, daftari liko juu ya meza. Nataka nieleze upesi nilichofanya.

Leo asubuhi Mjomba alikwenda kumwonyesha dereva mpya gari. Nilikaa kwenye kompyuta. Faili la maneno liko pale pale nilipoliacha mwaka jana, hakuna aliyelifungua tangu siku ile. Nililifuta IMEPOKELEWA. Nikaandika maneno yanayofanana na yale ya Kiingereza, nikiwa makini safari hii kama sijawahi kuwa darasani: IMEFIKA MLANGONI. HAIJASOMWA. Kisha nikalitoa lile dirisha jekundu mafichoni, lenye Alhamisi zote za Kaka, nikaligeuza nalo kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. IMEKATALIWA. RANGI HAIJULIKANI. IMEKATALIWA. RANGI HAIJULIKANI. Nikafungulia sauti hadi mwisho. Nikaja humu chumbani kusubiri.

Gari limeshapakiwa. Mjomba ametuma taarifa ya leo kwa simu yake, bila kutazama skrini.

Nasikia kiti cha Mama kikivutwa. Anakwenda kuangalia kijani chake.

Amefika mbele ya skrini.

"Nani kachezea kompyuta? Imefika mlangoni… mlangoni kwa nani? Injinia! Haijasomwa maana yake nini?"

Mjomba anasema kitu, simsikii vizuri. Anasema ni hitilafu tu, Dada, umeme huu.

"Na haya mekundu? Tarehe kumi na tatu. Tarehe ishirini. Hii tarehe ishirini na saba siyo siku ile ya…"

Hakumaliza. Mama Pacha amezima mashine yake. Na nyingine imezimwa. Zote sasa. Sijui lini mara ya mwisho nyumba hii ilikuwa kimya mchana, wala sijui lini mara ya mwisho kimya kilikuwa cha mtu mwingine na si changu.

Nadhani Mama amegusa mstari mmoja mwekundu, maana sasa kompyuta inalia. Wacha ilie.

"Haya maneno kaandika nani?" Mama anauliza, taratibu. Mama Pacha ndiye aliyejibu: "Hapa anayejua kuandika ni mmoja, mama. Na wewe siku zote humsikii."

Kandambili za Mama. Moja ilikatika akaishona kwa uzi wa buluu, kwa hiyo mguu mmoja unapiga, mwingine unaburuta. Amepita mashine ya kwanza. Amepita meza ya kola. Yuko kwenye korido.

Mama, kama unasoma hapa: neno lile niliandika mimi. Sauti alizima Mjomba. Kaka alikuwa getini. Anza ukurasa wa kwanza, usiruke, hata pale ninapokutukana. Ukimaliza usiniambie haya. Usiniambie umenisikia. Chukua simu yako umpigie Kaka, na umwambie kwamba ni nyembamba, ataelewa.

Godoro liko hapa karibu. Nikinyoosha mkono tu daftari linarudi chini yake.

Sinyooshi.

Amefika mlangoni. Hajasoma.